Chagua Kabla Hujaombwa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu mliohudhuria jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi. Nimeombwa nieleze namna wachangiaji wanavyoamua fedha zao ziende kwenye shirika lipi la misaada la kimataifa. Nitaanza na picha moja.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika ofisi ya kuchangisha fedha ya shirika moja la misaada. Tulikuwa tukiandika barua za maombi, zile zinazofika nyumbani kwa watu zikiwa na picha upande mmoja na fomu ya mchango upande wa pili. Siku moja tulimwaga mezani picha kama arobaini, zote zimepigwa kwenye kambi moja ya watu waliokimbia ukame. Mwenzangu aliyekuwa mzoefu kuliko sisi sote alizipitia upesi, moja baada ya nyingine, kama karani anayehesabu noti. Akasita kwenye picha ya mtoto wa kike wa miaka mitano au sita, anayeitazama kamera bila kupepesa. Kando yake alisimama mama yake, ameshika kadi ya kliniki. Nyuma yao watoto wawili walikuwa wanacheka, mmoja amevaa kiatu mguu mmoja tu. Mwenzangu akachukua rula na penseli, akapiga mistari miwili. "Mama atoke," akasema. "Na hawa wanaocheka watoke. Abaki mtoto peke yake."

Barua ile ilileta fedha nyingi kuliko barua yoyote tuliyotuma mwaka ule.

Simlaumu mwenzangu. Aliijua kazi yake, na fedha zilifika kambini. Najua, kwa sababu taarifa ya matumizi niliiandika mimi. Ila kuna jambo lilinikaa rohoni na halijatoka mpaka leo. Watu waliojibu barua ile walijiona wamechagua. Ungewauliza wangekwambia, "Nimelichunguza jambo hili, nimelichagua shirika hili." Kumbe waliwekewa mbele yao kitu kimoja tu, uso mmoja uliopunguzwa kwa rula. Aliyechagua ni mwenzangu.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii inamtetea mwenye kidogo, inamwambia asione haya kutoa alichonacho. Haisemi nani apewe, na wala haikuwa na haja ya kusema. Zamani mhitaji ulimjua kwa jina, ulijua ukoo wake na shida yake, na kama msaada wako haukumfaa ungeona kwa macho yako. Leo unayemsaidia yuko nchi usiyowahi kufika. Ukinunua kiatu kibovu kinakuumiza wewe mwenyewe, na kesho yake unakirudisha dukani. Ukichangia mradi mbovu anaumia mtu mwingine, wewe hupati habari, na barua ya shukrani inakufikia vilevile, imeandikwa vizuri vilevile. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mengine yote nitakayosema yanatokana nalo. Katika biashara hii, anayelipa siye anayepokea, na anayepokea hana pa kulalamikia.

Basi watu huamuaje? Watafiti wawili wa Uholanzi, René Bekkers na Pamala Wiepking, walipitia tafiti zaidi ya 500 kuhusu utoaji, na mwaka 2011 wakachapisha walichokikuta. Walitaja sababu nane zinazomsukuma mtu kutoa: kujua kwamba kuna shida, kuombwa, gharama na faida anazopata mtoaji, kumjali mwenzake, kulinda jina lake, raha anayoipata moyoni, maadili anayoyaamini, na imani kwamba mchango wake utaleta mabadiliko. Tazameni vizuri orodha hiyo. Ni sababu moja tu, ile ya mwisho, inayohusu kama fedha zitafanya kazi. Na hata hiyo ni imani; si lazima iwe na ushahidi nyuma yake.

Kuombwa kuna nguvu kuliko tunavyokubali. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotumia takwimu za mwaka 1996 ulikuta kwamba katika kila michango 100, kama 85 ilitolewa baada ya mtu kuombwa. Mwaka 2010 kampuni ya ushauri iitwayo Hope Consulting iliwahoji maelfu ya wachangiaji wa nchi hiyohiyo. Waliosema huwa wanafanya uchunguzi wowote kabla ya kutoa walikuwa 35 kati ya 100. Waliotoa kwa kulinganisha shirika na shirika, kutafuta lipi linafanya kazi vizuri zaidi, walikuwa 3 kati ya 100.

Watatu! Na hao wengine si watu wabaya. Wengi wao ni kama mimi na ninyi, wana kazi, wana watoto, barua imefika, uso unawatazama, na mkono unakwenda mfukoni.

Kuna jaribio lililofanyika nje ya duka moja kubwa katika eneo la Boston, likachapishwa mwaka 2017 na James Andreoni na wenzake. Wachangishaji wa Salvation Army walisimama mlangoni na kengele zao. Walipopiga kengele tu, watu walipita kama kawaida. Walipoanza kutamka, "Tafadhali changia leo," michango ilipanda sana. Lakini karibu theluthi moja ya watu waliukwepa mlango ule, wakatafuta njia nyingine ya kupita. Mtu yuleyule anayetoa akiombwa anaweza kuzunguka jengo zima ili asiombwe. Tunajijua. Tunajua kwamba tukitazamwa machoni hatutaweza kukataa, kwa hiyo tunakimbia macho.

Sasa niseme kuhusu huo uso. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila mchangishaji duniani analijua, hata kama hajui majina ya walioandika. Waliwapa watu dola 5 kwa kujibu dodoso, kisha wakawapa barua inayowaomba wachangie sehemu ya fedha hizo kwa shirika la Save the Children. Kundi la kwanza lilisoma habari za msichana mmoja wa miaka saba kutoka Mali, aitwaye Rokia, maskini na mwenye njaa. Kundi la pili lilisoma takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa katika nchi kadhaa za Afrika. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu. Waliomsoma Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu walitoa 1.14. Na waliopewa vyote viwili? Dola 1.43.

Mara ya kwanza niliposoma matokeo hayo nilifikiri wamekosea kuchapa. Ukimwonyesha mtu kwamba Rokia hayuko peke yake, kwamba wako wengi kama yeye, anatoa pungufu. Huruma yetu imeumbwa kwa ajili ya mtu mmoja, wala haijui kuhesabu. Utafiti mwingine wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwauliza watu wangelipa kiasi gani kuwaokoa ndege wanaozama kwenye madimbwi ya mafuta. Walioambiwa ndege 2,000 walisema dola 80. Walioambiwa 20,000 walisema 78. Walioambiwa 200,000 walisema 88. Ndege wameongezeka mara mia, fedha zimebaki palepale. Waliojibu walikuwa wanalipia ile picha iliyowajia akilini, ndege mmoja aliyelowa mafuta mbawa zote.

Mwenzangu wa rula hakuwa amesoma utafiti wowote kati ya hizo. Mikono yake ilijua.

Na mahali pasipo na picha je? Hapa naomba tutulie kidogo. Wachumi wawili, Thomas Eisensee na David Strömberg, walichunguza majanga ya asili kama 5,000 yaliyotokea kati ya mwaka 1968 na 2002, na namna habari za televisheni za Marekani zilivyoyaripoti. Walikuta kwamba janga likigongana na michezo ya Olimpiki, au na habari nyingine kubwa, linaripotiwa kidogo na hata msaada wa serikali ya Marekani unapungua. Walikuta pia kwamba volkano inayoua mtu mmoja ina nafasi ya kuripotiwa sawa na njaa inayoua watu karibu 40,000. Volkano ina moto, na ina saa na dakika ya kulipuka. Njaa inakuja polepole, haina siku unayoweza kusema ilianza leo.

Somalia, mwaka 2011. Tahadhari zilianza kutolewa tangu nusu ya pili ya mwaka 2010: mvua imeshindwa, mifugo inakufa, bei za nafaka zinapanda. Wataalamu waliandika na kuandika tena. Fedha hazikuja kwa kiasi kilichohitajika, kwa sababu hapakuwa na cha kuonyesha. Ng'ombe waliokonda na chati hazimtoi mtu machozi. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza rasmi kwamba ni baa la njaa. Ndipo kamera zilipofika, na fedha zikafuata kamera. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu kama 258,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu kubwa ya vifo ilitokea kabla ya tangazo lile. Kulikuwa pia na vita na wapiganaji waliozuia misaada, na siwezi kumwambia mtu kwamba wachangiaji peke yao wangeizuia njaa ile. Lakini najua jambo moja kwa sababu nilikuwa kwenye kazi hiyo. Ukitaka kuwaombea watu chakula kabla hawajakonda, barua yako haiendi mbali. Tunasubiri mtoto afikie hali ya kupigiwa picha.

Upande wa pili wa sarafu ni tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi. Huko picha zilikuwepo, na ilikuwa majira ya sikukuu, watu wako nyumbani mbele ya televisheni. Fedha zilimiminika. Haikupita muda, mapema Januari, Madaktari Wasio na Mipaka wakatangaza kwamba kwa ajili ya tsunami wameshapata za kutosha, na wakawaomba watu wasiwatumie tena kwa kazi hiyo. Anayetaka aruhusu mchango wake uende kwenye dharura nyingine. Kuna waliowashangaa, na kuna mashirika yaliyokasirika, yakaona jirani anawaharibia mavuno. Kwangu mimi, tangazo lile ni moja ya mambo ya heshima kubwa niliyowahi kuyaona katika kazi hii. Shirika linalojua kusema "inatosha" linajua linachokifanya na fedha zako.

Ndugu zangu, sisemi huruma ni kosa. Bila huruma hakuna hata senti moja ingetoka. Wala sisemi kila kinachovuta moyo ni kibovu. Ufadhili wa mtoto mmojammoja, ule wa kupewa jina na picha na barua, niliudharau kwa muda mrefu. Kisha mwaka 2013 Bruce Wydick na wenzake wakachapisha utafiti wa mpango wa ufadhili wa shirika la Compassion katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, wakakuta watoto waliofadhiliwa walisoma shule zaidi ya mwaka mmoja kuliko ambavyo wangesoma bila ufadhili. Nilikuwa nimeuhukumu mpango kwa kutazama barua zake, kosa lilelile ninalowaambia msilifanye, ila mimi nililifanya kinyumenyume.

Wengi tukishashtuka kwamba moyo unatupoteza, tunakimbilia kipimo kimoja: gharama za uendeshaji. Tunauliza, "Katika kila shilingi, ngapi zinakwenda kwa walengwa na ngapi zinabaki ofisini?" Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu ni tarakimu moja na kinaonekana cha haki. Nitawaeleza kwa nini simwombi tena mtu yeyote akitumie peke yake.

Katikati ya miaka ya 1990 shirika moja la Kiholanzi lilikuwa linagawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya. Nani angekataa kuchangia vitabu? Darasa lina watoto kibao na vitabu vinahesabika. Michael Kremer na wenzake wakashauriana na shirika hilo ligawe vitabu kwa awamu, shule za mwanzo zichaguliwe bila upendeleo, ili waweze kuzilinganisha na zile ambazo hazijapata. Walipopima mitihani wakakuta kwamba kwa wastani vitabu havikuongeza alama. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu mojawapo iko wazi kwa yeyote aliyesoma shule za kwetu: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kiko mezani, kipya kabisa, na mtoto hawezi kukisoma.

Sasa jiulize. Shirika lingeweza kugawa vitabu vile kwa gharama ndogo kabisa ya ofisi, likapata alama zote za juu, na mtoto asijue kusoma vilevile. Ukurasa wa hesabu zilizokaguliwa usingekwambia lolote. Kilichofumbua macho ni utafiti, na utafiti, katika hesabu za fedha za shirika, mara nyingi unaandikwa kuwa gharama ya ofisi. Kremer alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za namna hiyo.

Mnakumbuka zile pampu za maji zilizoendeshwa na bembea ya kuzunguka, watoto wanacheza na maji yanapanda kwenye tangi? Zilianzia Afrika Kusini. Mwaka 2006 nchini Marekani zikaahidiwa zaidi ya dola milioni 16, lengo pampu 4,000. Picha yake haina mfano, watoto wanacheka na maji yanatoka. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipopiga hesabu mwaka 2009 likaona kwamba ili kutimiza lengo la maji lililowekwa, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Siku ina saa 24. Vijijini wanawake watu wazima walionekana wakiisukuma bembea kwa mikono, wakati pampu ya kawaida ya mkono ingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha zile. Walioahidi fedha walikuwa watu wenye akili na nia njema. Walichokosa ni mtu wa kumuuliza yule mama anayesukuma.

Mwaka 2013 asasi tatu kubwa za Marekani zinazowasaidia wachangiaji kuyapima mashirika, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya pamoja kuwaomba watu waache kupima shirika kwa gharama za uendeshaji peke yake. Watu wengi bado hawajaisikia. Mwaka uliofuata Uri Gneezy na wenzake wakaonyesha kwamba ukimwambia mtu gharama za ofisi zimeshalipwa na mfadhili mwingine, uwezekano wa yeye kutoa unakuwa zaidi ya maradufu. Hatupendi kulipia taa ya ofisi, wala mshahara wa mhasibu. Tunataka fedha yetu ndiyo ile iliyoingia mkononi mwa mtoto.

Waislamu mlioko hapa mnanikumbusha jambo kila ninapofika hapa. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inapowataja watu wa makundi manane wanaostahili zaka, kundi la tatu ni wale wanaozikusanya na kuzitumikia. Mhasibu yumo ndani ya aya. Na zaka ina jambo jingine ninalolipenda: ina kiwango, 2.5 kwa mia ya mali iliyofikia kima cha chini kilichowekwa na kutimiza mwaka, na ina makundi yaliyotajwa kabla ya mwombaji yeyote kubisha hodi. Fungu la kumi kwa Wakristo nalo ni vivyo hivyo; kiasi kimeshaamuliwa kabla sahani haijapita. Dini zetu zilijua tangu zamani kwamba mtu asiachiwe kuamua akiwa ametazamwa machoni.

Hilo ndilo ninalowaomba. Chagueni kabla hamjaombwa.

Nieleze ninavyofanya mwenyewe, wala si kwamba ndiyo njia pekee. Mara moja kwa mwaka nakaa na daftari, siku isiyo na janga kwenye habari. Naandika kiasi nitakachotoa mwaka mzima. Sehemu kubwa naigawa siku hiyohiyo kwa mashirika mawili au matatu, naweka malipo ya kila mwezi, na siyafungi kwa sharti la mradi fulani. Sehemu ndogo naiacha wazi kwa ajili ya moyo, maana janga litakuja na mtu nitamhurumia, na sitaki kuwa mtu anayezunguka jengo ili asiombwe.

Katika kuyachagua hayo mawili matatu, siku hizi kuna msaada ambao zamani haukuwepo. Mwaka 2007 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi kwenye kampuni ya uwekezaji, Holden Karnofsky na Elie Hassenfeld, walitaka kutoa fedha zao, wakayapigia simu mashirika kuuliza kazi yao inaleta matokeo gani. Walipata vipeperushi vyenye picha nzuri, majibu hawakupata. Wakaacha kazi wakaanzisha GiveWell, ambayo inachunguza mashirika machache kwa kina na kuchapisha hesabu zake, hata pale ilipokosea. Shirika la Against Malaria Foundation, linalonunua vyandarua vyenye dawa, limekuwa kwenye orodha yao kwa miaka mingi, na ushahidi wake umesimama imara. Majaribio ya miaka ya 1990 katika nchi kadhaa za Afrika, likiwemo la Kilifi, pwani ya Kenya, yalipojumlishwa yalionyesha vyandarua vinapunguza vifo vya watoto wadogo kwa kama asilimia 17. Chandarua hakipigi picha nzuri. Mtoto aliyeokolewa na chandarua hajui kwamba ameokolewa, wala mama yake hajui, kwa sababu homa haikuja.

Lakini msiniletee GiveWell kama msahafu. Kuna kazi zisizopimika kwa namna ile: kumtetea mfungwa, kubadilisha sheria, kumhifadhi aliyekimbia vita usiku. Ukiyapa fedha yale tu yanayohesabika, hao utawaacha. Kwa kazi za aina hiyo natumia swali moja nililojifunza kwa bahati.

Niliyapigia simu mashirika matatu nikauliza kila moja, "Mwaka jana mlijaribu nini kikashindikana?" La kwanza likaniambia kila kitu kilikwenda vizuri. La pili likaniunganisha na ofisi ya mawasiliano, na ofisi ya mawasiliano ikanitumia kalenda. La tatu, dada aliyepokea simu alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Tuna mradi wa visima. Ngoja nikutumie." Jioni ile nikapata waraka mrefu usio na picha hata moja. Ulieleza kwamba pampu nyingi zilisimama ndani ya miaka michache kwa kukosa vipuri, kwamba kamati za maji zilizoundwa zilikuwa za jina tu, nani alionya mapema, kwa nini hakusikilizwa, na wamebadilisha nini. Niliusoma usiku kucha. Shirika hilo la tatu nalichangia mpaka leo.

Swali la pili nalouliza ni hili: mtafanya nini na fedha yangu ambacho bila hiyo hakitafanyika? Mwenye kazi anajibu. Na la tatu ni gumu kidogo, lakini ni la haki: kwa nini mchango huu asipewe mhitaji mwenyewe mkononi? Si swali la dhihaka. Katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha taslimu kwa zaidi ya kaya 10,000, na wachumi waliofuatilia vijiji 653 walikuta kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, wakiwemo majirani ambao hawakupewa. Shirika linalotaka kununua kitu kwa niaba ya maskini lioneshe kwamba linajua zaidi ya ambavyo maskini mwenyewe angejua.

Najua kuna atakayesema maswali haya yanaua moyo wa kutoa. Anayo hoja. Dean Karlan na Daniel Wood walishirikiana na shirika la Freedom from Hunger, wakaongeza ushahidi wa kisayansi kwenye baadhi ya barua mahali pa simulizi ya kugusa. Waliokuwa wakitoa fedha nyingi zamani walitoa zaidi. Waliokuwa wakitoa kidogo walipunguza. Takwimu zilizima kitu ndani yao. Ndiyo maana sisemi watu wapewe takwimu wakiwa wanalia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye misaada chema hakijiuzi, kitakaa kimya mpaka ukitafute, na huwezi kukitafuta huku machozi yamekujaa machoni. Moyo ukuamulie kwamba utatoa. Akili ipewe siku yake nyingine, yenye utulivu, iamue wapi.

Nimalizie na ile picha. Miaka mingi baadaye nilimpata mpiga picha aliyeipiga. Nikamuuliza kama anamkumbuka yule mama tuliyemkata. Akasema anamkumbuka vizuri, kwa sababu wakati yeye anapiga picha, mama alikuwa anajaribu kumuuliza kitu na mkalimani alikuwa mbali. Alikuwa ananyoosha ile kadi ya kliniki. Mkalimani alipofika, swali likawa hili: gari la chanjo lililokuja leo, je, mwezi ujao litarudi? Mtoto ana sindano mbili zimebaki.

Mpiga picha hakujua la kumjibu. Nilikwenda kwenye makabrasha yangu ya zamani nikatazama. Fedha za barua ile zilikuwa na masharti, za dharura, na muda wake ulikuwa miezi mitatu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.